Sikukuuliza kama anayo

Tangu Jumamosi kuna neno limenikaa kifuani, halishuki wala halipandi.

Tulikwenda nyumba ya wazee kupeleka mablanketi tunayofuma wanawake wa barazani kwetu, manane kwa jumla. Chumba cha mwisho mna bibi mmoja mdogo wa mwili. Nikamshikia moo, nikamtandikia magotini lile la buluu na rangi ya maziwa. Akalipapasa kwa ncha za vidole, kila akifika kwenye muungano anasimama kidogo.

"Umefuma wewe?"

"Na wenzangu, bibi. Mimi ndiye niliyeunga."

"Mamaako yu hai?"

"Yu hai, alhamdulillahi. Yuko Wete."

"Ushamfumia?"

"Mama mablanketi anayo, bibi."

"Sikukuuliza kama anayo."

Wala hakukasirika. Akalivuta blanketi mpaka kiunoni, akaniombea dua ndefu, nikaitikia amin, nikatoka.

Wiki hii posa ya mdogo wangu imejibiwa, na kazini tumehamia jengo jipya. Mimi nakoroga uji, nasikia: sikukuuliza kama anayo. Niko ndani ya daladala, nasikia. Nimetunga majibu kumi ya kumpa yule bibi, na hakuna hata moja ninaloweza kulisema mbele yake.

Mnajua ninavyolipenda lile baraza. Wanawake saba ni mikono saba: huyu anakaza uzi, kipande cha sentimita 15 kinatoka 13, yule analegeza, kinatoka 17. Ukiviunga hivyo hivyo blanketi linajikunja pembeni, halilali. Basi mimi ndiye mwenye rula. Vipande 48, sita kwa nane, ndiyo blanketi la kufunika magoti ya mzee. Mwalimu wetu alipotusimulia habari ya Carolyn Steyn wa Afrika Kusini, aliyeombwa mwaka 2013 na Zelda la Grange, msaidizi wa Mandela, atengeneze mablanketi 67 kufikia Siku ya Mandela, tarehe 18 Julai 2014, moja kwa kila mwaka ambao Mandela aliutumikia umma, mimi nikashika kuhesabu. Sita yameisha, saba, nane. Hesabu yote hiyo, mama hakuwemo.

Na sindano kanishikisha yeye. Vitambaa vya makochi vya nyumba yetu vyote kafuma yeye, na kofia za baba kashona yeye, kitundu kwa kitundu, miezi na miezi kwa kofia moja, mpaka macho yakaanza kumchoka. Mimi tangu nije Unguja natuma pesa, natuma mchele. Na hayo mablanketi niliyomtaja kwa bibi ni moja tu, lile zito lenye picha ya chui nililomnunulia Darajani.

Juzi baada ya isha nikampigia.

"Mama, usiku unaona baridi?"

"Kwani pana nini?"

"Nauliza tu."

"Kusi hili, mwanangu, magoti yananigonga. Nalala na soksi za babaako."

"Na lile blanketi la chui?"

"Limo sandukuni. Likirowa nani atalikamua?"

Soksi za baba. Habari ya baba siielezi leo. Nikanyamaza mpaka mama akadhani simu imekatika.

Nikamwambia namfumia blanketi, la uzi mwepesi wa akriliki, analifua mwenyewe asubuhi na jioni limekauka. Nikategemea aseme usijisumbue, kama kawaida yake. Akauliza rangi zipi zipo! Nikamwambia achague.

"Ya karafuu. Lakini usinitie ile ya kukauka. Nataka ile inayoanza kupiga wekundu mtini."

Nikakaa na mfuko wa nyuzi mapajani mpaka saa sita ya usiku, nalinganisha kijani na waridi chini ya taa, na sijui lini mara ya mwisho nilikuwa na furaha ya namna hiyo. Hadi leo nina vipande kumi na moja. Rula nimeiweka kabatini, maana mkono ni mmoja, na mkono wenyewe ni wake: nakaza uzi pale pale anapokaza yeye. Wenzangu wa barazani wakataka kunisaidia, nikawakatalia kwa mapenzi. Hivi vyote 48 ni vyangu, na nitampelekea mwenyewe kabla kusi halijaisha.

Sasa hivi nasikia mabati yanagonga. Mfuniko wa tangi la maji umepeperuka tangu jana, fundi hapokei simu, na binti yangu anasema kamwona kunguru kakaa ukingoni anakunywa.