Nilivyoziba pengo la NSSF baada ya likizo bila malipo

Nilichukua likizo bila malipo kumuuguza mama hapa Kisumu. Niliporudi kazini nikaomba taarifa ya michango yangu ya NSSF, mfuko wa taifa wa akiba ya uzeeni. Miezi ya likizo ilikuwa mitupu, jambo la kutarajiwa: bila mshahara hakuna asilimia 6 yangu wala 6 ya mwajiri, na riba ambayo pesa hizo zingezaa hadi nistaafu inapotea pia. Lakini hata mwezi niliorejea haukuwa na kitu, ilhali nilikatwa! Hilo liliniuma, ni jasho langu. Nikampelekea mhasibu hati ya mshahara na barua ya kurejea kazini, mchango ukawasilishwa. Pengo la likizo naliziba polepole kwa michango ya hiari, kupitia M-Pesa.