Mombasa kwa Miguu, Bahari Mkono wa Kulia

Kila niliyemwambia kwamba nakwenda kuizunguka Mombasa kwa miguu, begi mgongoni, alinivunja moyo. Jua la kule utaliweza wapi? Panda tuktuk, shuka Ngome ya Yesu, piga picha zako, rudi. Jamaa mmoja aliyewahi kukaa kule aliniapia kabisa kwamba mwenda kwa miguu haambulii kitu. Ushauri ule ulikuwa mbovu na bado unaniudhi, kwa sababu unawanyima wageni sehemu tamu ya mji. Nimetembea, nimeona, na miguu yangu ni mizima.

Kutoka Tanga basi linapita mpakani, Horohoro na Lungalunga, mwisho unajikuta Likoni, upande wa bara. Mombasa yenyewe ni kisiwa, na feri inawavusha waenda kwa miguu bure. Begi nililivaa kifuani kwa sababu ya msongamano, simu nikaificha, nikatafuta nafasi ubavuni. Meli ya makontena ilikuwa inaingia bandari ya Kilindini, ndefu kama mtaa mzima, feri yetu ikaipisha. Upande wa magharibi wa kisiwa, ilipo bandari kubwa, mpita njia huona kuta na malori tu. Bandari ile itazame kutoka kwenye feri. Nilivuka, nikarudi Likoni, nikavuka tena, na sikulipa hata senti.

Ukishuka upande wa kisiwani, pinda kulia uingie Mama Ngina, barabara ya kando ya bahari, kisha uiweke bahari mkono wa kulia. Hiyo ndiyo ramani yangu yote. Simu ilibaki begini na sikuihitaji. Unapita chini ya mibuyu mikubwa, meli zinaingia na kutoka chini yako, na mahali penyewe pamepangwa vizuri tangu patengenezwe upya mwaka 2019. Baadaye bahari inajificha nyuma ya Ikulu na majengo mengine. Usihangaike, endelea mbele, ngome itakurudisha majini.

Saa zangu nilizipanga kwa kufuata swala, na hili hakuna aliyeniambia. Wenyeji hawapambani na jua. Baada ya alfajiri mji umeamka, mahamri yanatoka kwenye mafuta, mbaazi za nazi ziko tayari. Hapo ndipo pa kutembea, mpaka kama saa nne. Adhuhuri ikikaribia, ingia kivulini ule, upumzike. Alasiri ikishaswaliwa, toka tena mpaka magharibi. Wanaolalamika kwamba Mombasa haitembeleki wametembea saa saba mchana, katikati ya lami.

Ila kilichonifurahisha kuliko vyote nilikigundua Mji wa Kale. Nilikuwa nimekaa barazani na kikombe cha kahawa chungu, nikamwangalia mama mmoja wa makamo, buibui jeusi, kikapu mkononi. Alikuja kwa ukuta mmoja, akavuka njia bila sababu niliyoiona, akaendelea kwa ukuta wa pili. Kijana nyuma yake akafanya vilevile, mahali palepale. Nikamwamkia muuza kahawa, "Shikamoo mzee," nikamuuliza. Akacheka. "Marahaba, mwanangu. Asubuhi fuata kuta za upande wa bahari, jioni fuata za upande wa bara. Kivuli hakikuachi."

Na ni kweli tupu! Njia kubwa za pale, kama Ndia Kuu, zinakwenda kwa kuifuata bahari, na nyumba ni ndefu zenye roshani za mbao. Jua la asubuhi linatoka baharini, nyumba za upande huo zinalizuia. Likigeuka, nyumba za upande wa pili zinashika zamu. Tangu pale nilitembea nikiwa nimetulia, nikaweza kuangalia milango ya nakshi, mnara wa Msikiti wa Mandhry unaotajwa kuwa wa mwaka 1570, na Bandari ya Kale iliyokuwa ikipokea majahazi ya Uarabuni na Bara Hindi. Dereva wa tuktuk angenipitisha hapo kwa dakika tatu.

Ngome ya Yesu ipe nafasi ya kutosha. Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, na Waomani wakaizingira kuanzia 1696 mpaka ilipoanguka 1698. Ukisimama juu ya kuta zake unaona jinsi ilivyokaa mdomoni mwa mlango wa maji, na unaelewa kwa nini iligombaniwa. Watu wa Afrika Mashariki hawatozwi bei ya mgeni wa mbali, kwa hiyo beba kitambulisho.

Matumizi yangu makubwa yalikuwa tumbo: viazi karai na ukwaju, muhogo wa pilipili na ndimu kule Mama Ngina jioni, madafu. Mia chache za Kenya kwa siku zinatosha kabisa. Begini nilikuwa na nguo mbili tatu na kikoi kilicholowekwa maji, cha kufunika shingo.

Kutoka Mji wa Kale unaendelea hivyo hivyo, bahari kulia, mpaka Daraja la Nyali. Pana njia ya waenda kwa miguu na upepo mzuri. Nilivuka nikaingia soko la Kongowea, nikanunua maembe, na kwa kuwa jua lilikuwa limeshazama nikarudi mjini kwa matatu.