Jinsi nilivyopata kikao kilichogandisha PostgreSQL bila zana ya ufuatiliaji

Programu yetu, inayotumia hifadhidata ya PostgreSQL, ilikuwa ikiganda kwa dakika moja hivi, kisha inaendelea kana kwamba hakuna kilichotokea. Zana maalumu ya kufuatilia hifadhidata sikuwa nayo.

Nilianza na `ALTER SYSTEM SET log_min_duration_statement = 500;` ili kila amri inayofikisha nusu sekunde iandikwe kwenye logi, kisha `SELECT pg_reload_conf();`. Seva haihitaji kuwashwa upya. Logi ikanionyesha UPDATE (amri ya kubadilisha data) ya safu mlalo moja tu iliyochukua sekunde 70. Siku nzima nikahangaika na faharasa za jedwali (zinazoharakisha utafutaji), kumbe muda ule unajumuisha pia kusubiri kufuli, yaani kizuizi kinachofanya data ileile isibadilishwe na wawili kwa wakati mmoja! Amri yenyewe haikuwa na kosa.

Ilipoganda tena, nikauliza haraka:

`SELECT pid, state, wait_event_type, xact_start, query, pg_blocking_pids(pid) FROM pg_stat_activity;`

UPDATE ilikuwa ikisubiri `Lock`, na namba (pid) iliyoizuia ilikuwa ya kikao (muunganisho mmoja na hifadhidata) chenye hali ya `idle in transaction`: kimefungua muamala (kundi la amri zinazokamilishwa pamoja), kimeshika kufuli, kimenyamaza. Kwa kikao kama hicho, `query` ni amri yake ya mwisho, na hiyo ndiyo iliyonipeleka kwenye msimbo. Tulikuwa tukituma barua pepe katikati ya muamala. Seva ya barua ikichelewa, wote wanasubiri.

Nilihamishia utumaji baada ya COMMIT (amri ya kukamilisha muamala), nikaweka `idle_in_transaction_session_timeout` kuwa sekunde 30, ili kikao kinachonyamaza ndani ya muamala kikatwe. Haijaganda tena.