Pointi mbili katika ukurasa wa 87

Leo asubuhi nimeinua karatasi za majaribio mbele ya dirisha, moja baada ya nyingine. Mzee aliyenifundisha kupanga kurasa za vitabu alinizoesha hivyo: ukurasa usiutazame mezani tu, uelekeze kwenye mwanga. Karatasi ikiwa nyembamba, maandishi ya upande wa pili hujitokeza kama kivuli. Kitabu kilichopangwa vyema, mistari ya nyuma hujificha nyuma ya mistari ya mbele, na nafasi kati yake hubaki nyeupe. Mistari ikipishana, kivuli hujaa kwenye nafasi hizo na ukurasa mzima hupata ukungu.

Nilikwenda vizuri hadi ukurasa wa 87. Huo, kuanzia katikati kushuka, ulikuwa na ukungu.

Nilijua papo hapo kwamba kosa ni langu. Kama ingekuwa karatasi imekaa vibaya kwenye mtambo, ukurasa wote ungehama, si nusu yake ya chini.

Matini ya kitabu hiki ni ya herufi za pointi 11 (pointi ni kipimo chetu wapangaji, kama theluthi moja ya milimita), na kutoka mstari mmoja hadi wa pili ni pointi 14. Kwa hiyo gridi yangu ni kama ngazi, yenye vipandio vya pointi 14 kutoka juu hadi chini, na kila mstari wa matini una kipandio chake. Kichwa kidogo kina herufi kubwa zaidi na huchukua pointi 16. Nilikipa nafasi ya pointi 18 juu na 8 chini, jumla 42, yaani mistari mitatu kamili. Nikaridhika. Sikukumbuka kichwa kirefu kinachovunjika kuwa mistari miwili: 32 na 18 na 8 ni 58, ilhali mistari minne ni 56.

Pointi mbili zimezidi. Hazifiki hata milimita moja, ni kama 0.7, lakini kila mstari ulio chini ya kichwa hicho umeteleza, na ukifungua kitabu, mistari ya ukurasa wa 86 haiendani tena na ya jirani yake. Msomaji hatasema kuna kosa. Atahisi tu kwamba ukurasa hautulii, na mimi sitaki ahisi hivyo.

Programu ninayotumia ina amri ya kuvuta kila mstari hadi kwenye gridi. Kwa matini naipenda sana. Kwa vichwa siitumii, kwa sababu kichwa cha mistari miwili huachanishwa kwa pointi 28, na maneno yaliyo sentensi moja huonekana kama hayajuani. Nimeunda mtindo wa pili wa vichwa virefu, wenye pointi 6 chini badala ya 8. Enzi za herufi za madini, wapangaji walipenyeza vipande vyembamba vya madini ya risasi kati ya mistari, wakaihisi nafasi kwa vidole. Mimi nafasi yangu ni tarakimu kwenye skrini, ndiyo maana nalihitaji dirisha.

Tanbihi nimeziacha huru. Herufi zake ni za pointi 9, na kutoka mstari hadi mstari ni pointi 11. Kuzilazimisha zifuate vipandio vya 14 ni kuzitawanya bila sababu. Inanitosha mstari wake wa mwisho ukae sawa na mstari wa mwisho wa ukurasa unaoutazama.

Mashairi ndiyo yaliyonichelewesha. Nilitenganisha beti kwa nusu mstari, pointi 7, kwa kuwa mstari mzima ulionekana pengo kubwa mno. Nafasi zikiwa mbili, gridi hurudi yenyewe. Zikiwa tatu, matini inayofuata hubaki ikining'inia nusu ya kipandio. Nimejaribu kuongeza nusu nyingine baada ya ubeti wa mwisho, na shairi limepata pumzi kabla ya nathari kuanza tena. Nimeipenda kuliko nilivyotarajia.

Kuna pia mstari mmoja wa mwisho wa aya uliobaki peke yake juu ya ukurasa wa 142. Sitatanua nafasi za ukurasa wa 141 ili kuupatia mwenzake. Nitazifupisha kurasa za 140 na 141 zote mbili kwa mstari mmoja, ili zilingane chini. Kesho nitachapa karatasi hizo upya na kurudi nazo dirishani.