Siku moja na bajaji yangu hapa Moro, jumamosi ya bumu

Saa 11 alfajiri niko macho. Siku zingine za wiki naweza kujichelewesha ila jumamosi hapana, na hii ya leo ndo kabisaa maana bumu limeingia juzi alhamisi. Kwa msiojua bumu ni ile hela ya kujikimu ya mkopo wa chuo, na sisi wa bajaji hapa Mafiga tunalijua likiingia bila kuambiwa na mtu, unaona tu mtu aliyekuwa anaenda mjini kwa miguu wiki 2 nzima leo anasimama getini SUA, chuo kikuu cha kilimo hapa Morogoro, anapaza sauti "oya bajajiii" na anapanda bila kuuliza bei. Nimefuta siti, nimeweka mafuta ya elfu 10, hesabu ya tajiri mwenye bajaji elfu 20 kwa siku iko palepale mvua inyeshe isinyeshe, kinachobaki ndo changu.

Saa 12 na nusu nimepata vichwa vitatu vya kwanza, wanafunzi, wana maji na mikate na spika ndogo, wanapanda Morningside, kule juu mlimani. Ukikaa Moro utasikia mtu analalamika mji hauna starehe, "mji kasoro bahari" mara sjui nini, afu milima ya Uluguru imemsimamia hapo mgongoni miaka 3 na hajawahi kuigusa. Nimewapeleka mpaka pale bajaji inapoanza kulia kama mbuzi nikawaambia wadogo zangu hapa mwisho, huko juu ni miguu, masaa kama mawili kwa mwendo wa mwanafunzi. Wakati wanashuka wakina mama wa Kiluguru ndo walikuwa wanateremka na matenga ya karoti na kabichi kichwani, wametoka juu usiku, wanawahi soko la Kingalu. Mmoja akawaangalia hawa wenye spika akacheka, akasema "wanangu mnapanda kufuata nini, hakuna kitu huko, vyote tumeshuka navyo". Nimecheka mpaka mjini.

Supu na chapati mbili, saa 2 hiyo.

Saa 3 nimempakia binti wa SUA anawahi kazini kwake, anajitolea kule wanakofundisha panya. Hii ndo inaniumaga, wanafunzi wangapi wanamaliza chuo hawajawaona wale panya buku na wako humohumo chuoni! Shirika lao linaitwa APOPO, wako Moro toka mwaka 2000, wanafundisha panya kunusa mabomu ya ardhini na pia kunusa makohozi ya watu kugundua TB. Yule Magawa aliyepewa medali ya dhahabu Uingereza mwaka 2020 kwa kazi aliyofanya Cambodia si alisomea hapahapa, yani panya wa Moro ana medali kimataifa, mimi nina leseni daraja la bajaji tu. Kila nikimsimulia mwanangu wa miaka 6 anasema baba nipeleke, na mimi nasema wiki ijayo. Nimeanza kusema wiki ijayo mwezi wa pili.

Saa 4 na nusu stesheni ya SGR. Toka treni ianze mwaka 2024 jumamosi zimebadilika sana, zamani kutoka Dar ni basi masaa manne na foleni, sasa hivi hata masaa mawili hayafiki, kwaiyo watoto wa Dar wanakuja Moro asubuhi kumsalimia mwenzao chuoni, wanashinda, jioni wanarudi kwao. Nimepata madada wawili na mwenyeji wao, wanataka "sehemu nzuri ya picha kaka, yenye miti". Nikawaza Rock Garden, maji yanatiririka kwenye mawe, pazuri kweli, ila jumamosi ya bumu pale pamejaa. Nikawaambia twendeni Mazimbu.

Mazimbu ni kampasi ya SUA, inaitwa Solomon Mahlangu, na wengi wanadhani Mahlangu ni profesa fulani. Ni kijana wa Afrika Kusini, makaburu walimnyonga mwaka 1979 akiwa na miaka 22. Mwaka 1978 ANC, chama cha wapigania uhuru wa Afrika Kusini, walianzisha shule hapo kwenye shamba la zamani la mkonge walilopewa na Tanzania, wakajenga madarasa, mabweni, hospitali, wakaishi mpaka 1992 wakaikabidhi serikali yetu ikawa chuo. Makaburi yao yapo, wengine walifia hapa kabla hawajaona nchi yao huru. Mzee wangu alikuwa anasimulia zamani anaenda kucheza mpira na hao wasauzi, anasema walikuwa wanaimba mpirani hata wakifungwa. Mabinti wamepiga picha zao chini ya miti, afu wakaenda kule makaburini wenyewe wakarudi kimya kimya. Mmoja akaniuliza Mahlangu alikuwa na miaka mingapi ulisema? Nikarudia 22. Akasema mimi nina 21. Basi, tukaondoka.

Saa 7 mpaka saa 9 jua la Moro sio la kuchezea, niko kijiweni drafti la visoda. Nimefungwa tatu mfululizo na dogo anayeuza stroberi za milimani kwenye vikopo, na kila akikula king'i ananiuliza anko unanunua kimoja? Nimenunua viwili kwa aibu.

Saa 10 Yanga wanacheza na hapo biashara imekufa, dakika 90 huoni kichwa barabarani, wote wako kibandaumiza. Buku unaingia, benchi la mbao, joto, mtu wa nyuma anakupumulia shingoni, na ukimwambia mwanafunzi mwenye bando lake aangalie kwenye simu chumbani anakuona chizi. Mpira wa peke yako una raha gani? Mi nimeegesha dirishani nikaangalia kipindi cha pili kwa kuchungulia, buku yangu ikabaki.

Jioni ndo mbio zenyewe. Mafiga kwenda Msamvu, Msamvu kwenda Kihonda, watu wanafata chipsi mayai, wengine wa Mzumbe wamepanda daladala toka kule barabara ya Iringa kilomita 20 na ushee waje waone taa za mji. Saa 1 na nusu nikampata mzee mmoja wa Mji Mpya, shikamoo mzee wangu, marahaba, akasikia amapiano nimeweka akaniomba nipunguze kwa upole. Akaanza, wewe unajua huu mji ulikuwa wa dansi? Kulikuwa na Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe na kulikuwa na Cuban Marimba ya Salim Abdullah, na mtu wa huku haendi kule, kama Simba na Yanga vile. Anasema watu wa Dar ndo walikuwa wanatamani kuja Moro wikiendi kucheza. Nikamwambia mzee hata sasa wanakuja, na treni. Akasema wanakuja kupiga picha. Sikuwa na jibu.

Saa 4 usiku nimeumia. Vijana wanne nimewabeba kwa ujanja, mmoja mbele pembeni yangu, najua ni kosa msinifundishe, tumefika kila mmoja anamwangalia mwenzake, afu "kaka nakutumia kwenye simu", nikasoma namba, "imeenda kaka mtandao tu unasumbua", wameshaingia getini na muziki unapiga. Elfu 6 hiyo. Mpaka naandika hapa mtandao bado unasumbua.

Saa 5 na nusu niko nyumbani. Hesabu ya tajiri imetimia, mafuta nimerudisha, changu elfu 23, ukitoa ile 6 ya hewa. Mama watoto kaniwekea ugali na mlenda, mtoto kalala na kikopo kimoja cha stroberi kakishika. Kesho bajaji anashika deiwaka, kwaiyo nimewaza kweli kesho tukaulizie wale panya, kama jumapili wanapokea wageni.

Nanawa mikono simu inaita. Namba ya yule mmoja wa Morningside asubuhi, nyuma muziki mkubwa.

"Kaka uko macho? Njoo utuchukue."

Mko wangapi?

"Watatu tu kaka!"

Nikasikia mwingine nyuma anasema muambie tuko sita.

Nimechukua funguo.