Kiti kilekile, beji nyingine

Leo nimerudisha beji. Miaka sita iko shingoni, kamba yake imeshapauka kabisa, halafu kijana wa mapokezi akachukua mkasi akaikata palepale kwenye picha yangu, akanipa mpya yenye jina la kampuni nyingine. Nikapanda juu nikakaa kwenye kiti changu kilekile, kompyuta ileile, na kazi ya Ijumaa bado inanisubiri.

Kama hujawahi kufanya kazi kwenye haya makampuni makubwa ya tenda za serikali, mambo yako hivi: kampuni inashinda tenda, inapewa mkataba wa miaka kadhaa, sisi tunaajiriwa kwa ajili ya ule mkataba, ukiisha tenda inatangazwa upya na kampuni yenu ikikosa basi anakuja mwingine, na mara nyingi anawachukua nyinyi nyinyi maana ndio mnaoijua kazi, ila kwa masharti yake. Mimi likizo zangu zimeanza sifuri, mshahara umeshuka, kwenye makaratasi ni mgeni. Siku tatu tu tulipewa za kusaini.

Lakini kilichoniuma zaidi ni mama niliyekaa naye meza moja. Kampuni mpya imeshinda kwa bei ya chini, nafasi zimepungua, yeye hakuchukuliwa. Ndiye aliyenifundisha kujaza taimshiti, na taimshiti huku si mchezo, kila saa ina namba ya mradi, unajaza mwenyewe kila siku, na saa za mradi huu huziweki kwenye ule hata bosi akikubembeleza, ile ni hela ya umma, ni kesi. Alikuwa ananiambia, "Mwanangu, andika ulichofanya, basi."

Watu wa serikali wenyewe tunakaa nao chumba kimoja, na wengi wao ni watu wazuri sana, nisiwasingizie. Ila beji zao rangi nyingine, na wakiitwa kwenye mafunzo au sherehe yao sisi tunabaki, maana saa ile haina mradi wa kulipia. Marekani serikali ilipofungwa siku 35, yaani ofisi zake nyingi zilisimama kwa kukosa bajeti iliyopitishwa, kuanzia Desemba 22, 2018, waajiriwa wa serikali walikuja kulipwa malimbikizo yao kwa mujibu wa sheria, lakini wafagiaji, walinzi na wapishi wengi waliokuwa chini ya makandarasi zile siku ziliwapotea hivihivi. Majengo yaleyale jamani. Nilivyoisoma ile habari nilikaa kimya muda mrefu.

Mchana nilimpigia yule mama, akaniuliza kwanza kama nimekula.

Pembeni ya skrini yangu kuna kikaratasi alichonibandikia mwaka wangu wa kwanza, namba za miradi kwa mwandiko wake, saba yake anaikata katikati. Namba zote zimebadilika leo. Sijakibandua.