Riwaya ya mshona kofia: kazi ilipofikia

Rasimu ya pili imevuka nusu, na sehemu kubwa ya maendeleo hayo imetoka nje ya meza yangu: bustani ya Forodhani jioni, kijiji cha Makunduchi mwezi wa Julai, na sinema chache ninazozirudia kila mwaka bila kuchoka. Safari hii nataka kuweka kumbukumbu ya namna matembezi na sinema vilivyoingia ndani ya sura zenyewe, kwa sababu ninapoulizwa "mawazo unayatoa wapi" huwa najibu kwa mkato, na swali hilo linastahili jibu refu.

Kwa anayeanza kufuatilia mradi huu leo: riwaya ni ya Unguja ya miaka ya 1970. Zuhura anakaa Ng'ambo, anashona kofia za viua na kumlea Idi, mtoto wa marehemu dada yake. Kaka yake ni baharia, na barua zake ndizo zinazoivuta hadithi. Zuhura ni msomi wa mtaa. Kahitimu Kurani, anasoma Barazanji bila kukwama, anasomesha watoto wa kike, na hesabu za kofia zake anaziandika kwa herufi za Kiarabu kwa mwandiko safi kabisa. Barua za kaka yake huandikwa na baharia mwenzake melini, kwa herufi za Kirumi, na herufi hizo Zuhura hazijui. Kila barua ikifika husema macho yanamuuma, akampa Idi amsomee.

Wanawake wa namna hiyo walikuwepo wengi katika mwambao wetu, wasomi kamili kwa hati moja, halafu wakahesabiwa hawajui kusoma kwa sababu ya hati nyingine. Mwaka 1970 ulitangazwa nchini kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na madarasa ya kisomo yakaenea katika miaka iliyofuata. Nataka msomaji afikirie mwanamke kama Zuhura anavyoingia darasa la namna hiyo na kukaa benchi moja na watu wanaomwita mwalimu.

Shida ya uandishi ilikuwa hii: siri hiyo niiweke wapi? Nikimwambia msomaji mapema, barua zote zinazofuata zinakosa nguvu. Nikimficha kabisa, ataona nimemdanganya.

Jibu nililipata kwenye Sholay, sinema ya Ramesh Sippy ya mwaka 1975. Nimeitazama tangu utotoni, lakini safari hii niliitazama na daftari mkononi. Wanaoipenda hukumbuka kwanza Gabbar Singh, mkuu wa majambazi, au urafiki wa Jai na Veeru, wezi wawili wanaoajiriwa kumkamata, au sarafu anayoirusha Jai kila wanapotaka kuamua jambo. Mimi nilikuwa namfuata Thakur, bwana wa kijiji aliyewaajiri vijana hao, na shali yake. Thakur anajifunika shali kila tunapomwona kijijini. Tunaiona, tunaizoea, tunadhani ni vazi la mtu mwenye hadhi yake. Kisha majambazi wanavamia kijiji siku ya Holi, sikukuu ya rangi ya Wahindi, Jai na Veeru wamebanwa, bunduki iko karibu na miguu ya Thakur, naye haiokoti. Wale vijana wanakasirika, wako tayari kuondoka zao. Mtazamaji naye anakasirika pamoja nao. Hapo ndipo tunaposimuliwa yaliyopita, na upepo unaipeperusha shali: Thakur hana mikono. Gabbar alimkata.

Tazama kazi iliyofanyika hapo. Siri haikufichwa popote. Ilikuwa mbele ya macho yetu tangu tulipofika kijijini, imevaliwa. Halafu kabla ya kufichuliwa ikatufanya tumhukumu mtu vibaya, kwa hiyo ilipofichuka ilituingia kwa uchungu na kwa aibu. Mtunzi anayejua kufanya hivyo amemheshimu mtazamaji wake.

Kwa hiyo macho ya Zuhura yanayouma ndiyo shali yake. Nimerudi nyuma nikayatandaza katika sura zote: anafikicha jicho, anasogea mbali na taa, jirani anamletea dawa ya kienyeji naye anaipokea kwa shukrani. Nikajenga pia bunduki ya kwake. Barua inafika Idi akiwa skuli, ndani yake mna habari ya ugonjwa wa kaka, na Zuhura anakaa nayo mapajani mchana kutwa. Jioni wifi yake anafika, anaikuta barua imefunguliwa na hakuna aliyeambiwa kitu. Maneno anayomwambia Zuhura ni makali mno, na Zuhura hajitetei. Hiyo ndiyo sura niliyoimaliza mwezi uliopita, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote nilizowahi kuandika.

Sinema ilinipa mpango, lakini mwili wa Zuhura sikuupata kwenye sinema. Niliupata Forodhani.

Huenda pale jua likikaribia kuzama, nikakaa ukutani upande wa bahari ambapo vijana hupiga mbizi, halafu nikazunguka kwenye meza za vyakula. Jioni moja nilisimama kwa mpishi wa pizza ya Unguja. Alitandaza donge la unga mpaka likawa jepesi, akaweka kipande kingine kidogo katikati, nyama ya kusaga, kitunguu, yai, akakunja kingo nne na kulitupa kwenye chuma cha moto. Kando yake palikuwa na ubao wa aina zote na bei zake. Akaja bibi mmoja na mjukuu wake.

"Karibu bibi, unapenda ipi?"

Yule bibi hakuutazama ubao. Alitazama sahani ya kijana aliyekuwa anakula pembeni, akanyanyua kidevu kidogo.

"Nipe kama ya huyu. Wewe ungekula ipi, mwanangu?"

Mpishi akacheka, akamtajia aina mbili tatu, na bibi akachagua kwa kusikia. Sijui kama anasoma au hasomi, wala hilo halinihusu. Nilichoondoka nacho ni ule mpangilio: jicho linakwenda kwenye kitu chenyewe badala ya maandishi, kidevu kinaonyesha badala ya kidole, na swali linarudishwa kwa muuzaji ili ayataje mwenyewe yaliyoandikwa. Mtu anaweza kuishi maisha mazima kwa ufundi huo na watu wasione chochote ila upole wake. Usiku huohuo niliandika upya sura ya duka la vitambaa, ambapo Zuhura anachagua uzi. Zamani ilikuwa na aya nzima ya kueleza hofu yake. Sasa ina kidevu na swali moja.

Ndiyo maana siendi matembezini kutafuta visa. Nakwenda kutazama watu wanavyofanya mambo madogo. Kisa nitakitunga mwenyewe nyumbani, lakini kidevu cha yule bibi nisingekitunga.

Jengine lililobadilisha kitabu ni matembezi ya Mji Mkongwe kwa ajili ya sura ya sinema. Nilipita kwenye jumba la sinema la Majestic, lililofunguliwa mwaka 1955 baada ya jumba la Royal lililokuwa pale kabla yake kuungua. Ukiwa mbele ya jengo lile unaona lilivyojengwa kwa fahari, na unaelewa kwa nini wazee wakisimulia habari za sinema huanza na nguo walizovaa kabla ya kutaja filamu yenyewe. Wanawake walikuwa na maonyesho yao peke yao. Hapo ndipo palipoziba pengo katika riwaya. Sinema za Kihindi hazikuwa na maandishi ya Kiswahili chini, na waliojua Kihindi ukumbini hawakuwa wengi. Watu walifuata kwa macho, kwa nyimbo, na kwa kunong'onezana. Zuhura akiingia pale yuko sawa na kila mtu. Hakuna ubao, hakuna barua, na macho yake hayaumi hata kidogo. Nimempa sura nzima ya furaha ndani ya ukumbi ule, na msomaji makini atajiuliza mbona leo hajayafikicha. Sinema anayotazama nimeitunga mwenyewe, ili nisibanwe na kisa cha watu.

Ndani ya sura hiyo nimeazima kitu kingine cha Sholay: Jai anapiga kinanda cha mdomo usiku, na Radha, mjane, anazima taa moja baada ya nyingine kwenye veranda. Hawaambiani neno. Zuhura na fundi wa mashine ya sinema nao hawaambiani neno katika kitabu kizima. Kuna tundu la mwanga nyuma ya ukumbi, na kuna mwanamke anayegeuka kulitazama wakati wengine wote wanatazama mbele. Nadhani inatosha.

Jaws Corner nilipita nikanywa kahawa na kashata. Inanifurahisha kwamba baraza maarufu la mji limechukua jina la filamu ya papa, ambayo nayo ni ya mwaka 1975. Papa wa mashine aliyetengenezwa kwa filamu ile alikuwa akiharibika mara kwa mara baharini, ndipo mwongozaji wake, Steven Spielberg, akalazimika kumwonyesha kwa muziki na kwa maji yanayotikisika, na hofu ikazidi. Kaka wa Zuhura nimeamua asionekane hata mara moja. Atakuwemo kwa bahasha, stempu, na harufu ya tumbaku kwenye karatasi.

Mwaka Kogwa, sherehe ya mwaka mpya kule Makunduchi, ulinipa sura fupi tu. Wanaume wanapigana kwa migomba ili kinyongo cha mwaka kiishe, kibanda kinachomwa moto, wanawake wanapita wakiimba kwa nguo zao bora. Wifi na Zuhura watakutana hapo baada ya ugomvi wa barua. Bado sijaamua kama watasemezana.

Kilichobaki sasa ni kufichuka kwa siri, na kwa muda mrefu nilikuwa naandika Zuhura akikiri mwenyewe. Nimeifuta. Thakur hakuivua shali kwa mkono wake, maana hana. Upepo ndio ulioivua. Basi Idi anarudi skuli na daftari la kisomo ambalo mwalimu kampa ampelekee mama yake mlezi. Zuhura analipokea, analiweka mapajani, analifungua. Analifungua kutoka nyuma, upande ambao vitabu vyake vyote huanzia. Idi anasoma chuoni, yaani madrasa, na skuli pia, anazijua pande zote mbili, kwa hiyo yeye peke yake duniani anaweza kuelewa alichokiona.

Kwa hilo nina kazi ya kurudi nyuma. Kila mahali Zuhura anaposhika karatasi katika sura za mwanzo lazima aishike kwa upande huohuo: daftari la hesabu za kofia, kalenda ya ukutani anayoigeuza, hata bahasha ya kwanza kabisa ya kaka yake. Nimeshapitia sura tatu za mwanzo. Wiki hii ni sura ya duka la vitambaa, kuna risiti pale ambayo nilikuwa nimeisahau.